Magunia Mia Nne na Kumi na Mawili

Watu wengi wakiletewa barua na ofisi ya kodi hutafuta kwanza mahali pa kukaa. Mwanahamisi alipoletewa yake, pale kijijini Swima, alitafuta kikwembe, kitenge chake cha sikukuu. Mwacheni, msimcheke bado. Barua ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu na majina ya siku za soko, lakini tarakimu anazijua. Katikati ya karatasi ile, kwa wino wa mashine, palikuwa na jina lake lote bila kosa, mbele yake namba 412, na baada ya namba neno sacs, ambalo kila mama anayeuza samaki kando ya ziwa analijua hata kama hakukaa darasani siku moja. Magunia mia nne na kumi na mawili ya ndakala, yaani dagaa wakavu, yamepelekwa mjini Uvira kwa mwaka mmoja, na serikali yenyewe imeandika kwamba ni yake.

Ili umwelewe, lazima ujue habari ya wifi yake. Mumewe Mwanahamisi alipofariki, miaka sita nyuma, dada wa marehemu, Bushira, alisema mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa matanga kwamba mjane huyu hataweza kushika hata beseni moja la samaki, litamponyoka. Alisema kwa sauti ya kusikika. Mwanahamisi aliendelea kuchambua mchele, lakini neno lile lilimkata maini, na kwa miaka sita hakuanika samaki siku hata moja bila kulikumbuka.

Kwa hiyo barua haikwenda ofisini, ilikwenda uani kwa Bushira. Mwanahamisi aliiweka mkekani karibu na sahani ya mihogo, akajitia hamnazo, akazungumzia bei ya chumvi, mpaka Bushira, ambaye anasoma kidogo, akaiokota mwenyewe. Aliitazama namba mara mbili. Akauliza kama yote yale ni mali ya Mwanahamisi. Mwanahamisi akamjibu wifi yake kwamba karatasi si ameiona mwenyewe kwa macho yake. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na mimi nasema huo ulikuwa uongo hata kama mdomo wake haukuutamka. Kwa siku tatu watu wa Swima walimwita patronne, yaani tajiri mwenye mali, naye aliitika kila mara.

Siku ya nne alipanda pikipiki kwenda mjini Baraka ili barua iwekewe plastiki ngumu, aitundike ukutani karibu na picha ya marehemu.

Mashine ya plastiki ilikuwa kwa Papa Eugène, karibu na soko. Zamani Eugène alikuwa karani wa vitabu kwenye ghala la mpunga, na ghala lilipofungwa alibaki na kalamu zake, miwani yake na tabia zake. Sasa ofisini kwake alipiga fotokopi, alivalisha karatasi plastiki, na zaidi ya yote aliwashauri wachuuzi habari za kodi na daftari. Wenye mashine za kusaga, mafundi cherehani, wauza mafuta ya mawese, wote walipita kwake mwezi wa kwanza wakiwa na karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki. Alikuwa mtu wa kuandika risiti kwa kila kitu, na watu walisema kwamba hata mkewe akimpa pesa ya chumvi, humwandikia. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvalisha karatasi plastiki bila kuisoma.

Aliisoma ya Mwanahamisi akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti na kukaa, akaisoma tena.

"Mama Mwanahamisi," alisema, "hii karatasi haitundikwake. Hii inajibiwaka."

Akamweleza polepole. Ofisi ya kodi ilikuwa imechukua karatasi za mizigo bandarini, ikahesabu kila gunia lililosafiri kwa jina lake mwaka uliopita, ikazidisha kwa bei ya soko, ikamtoa kwenye fungu la wachuuzi wadogo kabisa, wanaolipa kiasi kidogo kisichobadilika, ikamweka kwenye fungu la juu. Chini kabisa iliandikwa pesa anayodaiwa. Eugène aliitaja. Ilikuwa bei ya mota mpya ya boti, na nusu ya mota nyingine. Alikuwa na siku kumi na tano za kujibu, na nne alishazila kwa kuitika patronne. Zikipita, depo yake ya samaki itafungwa na vilivyomo kuuzwa.

Depo ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Aliijenga upya juu kidogo, matofali kwa matofali, baada ya maji ya ziwa kupanda na kuila ile ya zamani iliyokuwa ufukweni. Na hata hivyo, Eugène alipomuuliza kama magunia yote ni yake, kichwa cha Mwanahamisi kilikuwa bado kimevimba kwa siku zile tatu.

"Ni yangu," alisema.

Eugène hakubishana. Alichukua daftari, akapiga hesabu mbele yake: magunia mia nne na kumi na mawili, bei ya Uvira, toa chumvi, toa usafiri, toa samaki wabichi. Akazungushia duara faida iliyobaki chini ya ukurasa, faida ya mtu mwenye nyumba ya ghorofa.

"Makuta yake, pesa yote hii, iko wapi, mama?"

Mwanahamisi aliangalia duara lile. Halafu akasema ukweli, na ukweli wenyewe ni huu.

Swima kuna wanawake kumi na mmoja wanaoanika ndakala pamoja. Kila jina linaloandikwa kwenye karatasi ya mizigo hulipa jeton yake bandarini, pesa ndogo tu, lakini pesa ndogo mara kumi na moja, kila safari, inauma. Basi tangu zamani wamezoea kupakia yote kwa jina moja na kulipa jeton moja. Aliyekuwa mkubwa wao alipochoka, jina likahamia kwa Mwanahamisi, na ni yeye aliyesafiri na mzigo, aliyeuza, aliyerudi na pesa za kila mmoja. Hakuwatoza kitu. Kitu pekee alichopata ni kuona jina lake peke yake juu ya karatasi, na alikipenda kuliko alivyotaka kukubali.

Eugène alivua miwani akaifuta. Alimwambia kwamba wamekwepa jeton kumi wakanunua kodi ya mota moja na nusu, na kwamba katika miaka yake yote hajaona biashara mbaya kama hiyo. Kisha akamweleza jambo ambalo Mwanahamisi baadaye alipenda kulirudia kwa wengine kana kwamba lilikuwa lake: kwamba pesa inayopita mkononi mwako si lazima iwe pesa yako, na daftari kazi yake ya kwanza ni kutenganisha hizo mbili. Kodi yako inatazama mauzo yako. Lakini ofisi haitatenganisha kwa niaba yako. Ni wewe unayepaswa kuonyesha, gunia kwa gunia, lipi ni la nani. Akauliza daftari liko wapi.

Mwanahamisi akasema hana daftari. Ana kamba.

Kesho yake alirudi na kamba zenyewe ndani ya beseni. Wanawake wa Swima hawaandiki jina juu ya gunia, kwa sababu wabebaji wa Uvira hawasomi na mvua hufuta. Kila mama huchana kipande cha kikwembe chake cha zamani, anakishonea mdomoni mwa gunia lake. Ndege wekundu ni wa Pulchérie, miraba ya kijani ni ya Constance, na kadhalika, na hakuna anayediriki kushonea nguo ya mwenzake. Gunia likinunuliwa Uvira, Mwanahamisi anakata kile kipande mbele ya mnunuzi. Akirudi, anakionyesha kwa mwenyewe, anatoa pesa, halafu anakitunga kwenye kamba, kamba moja kwa kila safari, ili siku nyingine mtu asije akasema hakulipwa. Kamba zilikuwa thelathini na moja. Karatasi za mizigo nazo alikuwa nazo zote, zimechomekwa kwenye msumari kwa mfuatano wake, ingawa hakujua zimeandikwa nini.

Eugène alifunga mlango wa ofisi na kuandika nje kwamba amekwenda kula. Alikuwa hajala wala hakuwa na nia. Alichukua karatasi ya kwanza, ikasema magunia kumi na manne. Akahesabu vipande kwenye kamba ya kwanza: kumi na vinne. Ya pili tisa, na kamba ya pili tisa. Alipofika ya kumi alianza kunong'ona mwenyewe. Alipofika ya ishirini alisimama na kujipigapiga paja. Alisema ameona vitabu vya watu wenye shahada, vyenye jalada gumu na mihuri, visivyolingana kwa wiki moja, na hapa kuna mwaka mzima kwenye beseni la kuoshea vyombo na unalingana.

Kwenye safari ya ishirini na tatu haukulingana. Karatasi ilisema kumi na tatu, kamba ilikuwa na kumi na viwili. Eugène alihesabu mara tatu. Mwanahamisi hakuhitaji kuhesabu.

Alisema siku ile upepo uliwakuta mbele ya Makobola, mawimbi yakaingia botini, na gunia moja likaloa mpaka chini. Lilioza kabla ya kufika sokoni, wakalimwaga pamoja na kipande chake. Lilikuwa la Yasmina. Eugène akauliza kama Yasmina alikubali hasara. Mwanahamisi akasema Yasmina hakuambiwa. Alimpa pesa yake kamili kama ya mengine, kutoka kwenye pesa zake mwenyewe, na hakupenda jambo lile liongelewe.

Walipojumlisha kwa rangi, kila mama alipata namba yake. Yasmina ndiye aliyekuwa na kubwa kuliko zote, themanini na tisa. Yasmina, mwanamke mkimya wa mwisho wa kijiji, mwenye kandambili zilizoshonwa kwa waya, ambaye Mwanahamisi siku zote alikuwa akimwonea huruma. Mwanahamisi mwenyewe alikuwa na sitini na moja.

Akauliza, huku akiangalia mashine ya plastiki, kama Papa Eugène hawezi kumwandikia mia mbili. Mia mbili tu, na hiyo kodi ya mia mbili ataitafuta, hata kwa kukopa.

Eugène alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, miaka kumi na tano bantu banakuja hapa kuniomba nipunguze. We ni wa kwanza kuniomba niongeze." Akafunga daftari. "Mi siandikake uongo. Wa kupunguza siandike, na wa kuongeza siandike."

Akamwambia pia kwamba kamba peke yake haitoshi. Ofisi itauliza: kama magunia mia tatu hamsini na moja si yako, ni ya nani, na hao wenyewe wako wapi? Wanawake kumi lazima waende wenyewe, kila mmoja aseme namba yake, achukue namba ya kodi, alipe kile kiasi kidogo cha wachuuzi wadogo. Wasipokwenda, magunia yanabaki ya Mwanahamisi.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Kwa maana wanawake wale hawakuwa na deni naye. Walikuwa wamekaa salama chini ya jina lake, na yeye kwa miezi mingi alikuwa akiwapita kwa mwendo wa mwenye mali, na siku tatu zile za patronne walikuwa wamemsikia.

Eugène alikuja Swima mwenyewe siku ya Jumamosi, na begi lake na kitabu chake cha risiti, wakamkalisha kwenye kigoda karibu na vichanja vya kuanikia. Hakuwadanganya. Constance alipouliza kama ukiingia ofisi ile mara moja utarudi kila mwaka, alijibu kwamba ndiyo, kila mwaka, mpaka utakapoacha biashara. Wengi waligeuza nyuso. Ndipo alipowaeleza upande wa pili: kwamba hata sasa wanatoa, kila anayewasimamisha njiani wanamtolea, bila karatasi, na kesho yake wanatoa tena, lakini mwenye quittance, risiti ya kodi, anaionyesha na kupita. Kwamba chama cha akiba na mikopo hakimkopeshi mtu ambaye biashara yake haionekani mahali popote. Aliwaonyesha daftari la mistari mitatu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na pesa ya nyumbani isikanyage humo. Walisikiliza, lakini kwa adabu tu.

Kilichowainua ni kitu ambacho Eugène mwenyewe hakukitegemea. Ili wajue watakachosema ofisini, alianza kuwasomea namba zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kazi ya mwaka wake mzima ikitajwa kwa namba moja. Waliuza leo gunia mbili, wiki ijayo moja, pesa ikaliwa, ada ya shule ikalipwa, basi. Pulchérie, hamsini na nne. Constance, arobaini na saba. Divine aliposikia arobaini aliomba irudiwe, na iliporudiwa akaweka mkono kifuani. Hata yule mwenye saba, bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yakififia, alisema kwamba saba zile ameanika mwenyewe, samaki kwa samaki, na ziandikwe.

Ya Mwanahamisi Eugène hakuisoma. Mwanahamisi alikuwa amemwomba asiisome, naye alikubali, lakini alimwambia kwamba mbele ya ofisi hatakuwa na namna ya kumsitiri.

Alipofika kwa Yasmina alisema themanini na tisa zilizopakiwa, themanini na nane zilizouzwa, moja iliyoharibika safarini. Yasmina akainua kichwa. Alisema hakuna yake iliyoharibika, alilipwa zote. Eugène akamwangalia Mwanahamisi, na wote wakamwangalia.

"Ile ya siku ya mupepo," alisema Yasmina. "Uliniambia balinunua."

"Nilikuambia."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ulikuwa na mutoto mugonjwa," alisema Mwanahamisi. "Na jina ya juu ya karatasi ilikuwa yangu."

Yasmina hakushukuru, si mtu wa maneno. Alikung'uta magamba ya samaki kwenye nguo yake, akamuuliza Eugène ofisi inafunguliwa saa ngapi Jumatatu. Baada ya hapo wengine wakauliza pikipiki zitatosha au wakodi gari.

Jumatatu waliingia Baraka kumi na mmoja, wamevaa vizuri, vilemba vimefungwa kama vya harusi. Na Bushira alikuwepo. Alikuwa amesikia kwamba wifi yake anakwenda ofisi ya kodi, akasema hawezi kukosa kuona wakubwa wanavyolipa. Mwanahamisi alipomwona akishuka kwenye pikipiki yake, alitamani homa imshike yeye mwenyewe, arudi nyumbani.

Afisa wao aliitwa Wilfried, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri na kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma orodha ya Eugène, akapindua kamba kwenye beseni, akasema kwa upole kwamba orodha nzuri yeyote anaweza kuiandika, na kitambaa yeyote anaweza kukichana. Akaifungia orodha ndani ya droo.

"Mi nataka mama aseme mwenyewe," alisema. "Bila karatasi, bila Papa Eugène."

Eugène akatolewa nje. Wanawake walibaki wamesimama ukutani, na Bushira mlangoni. Wilfried akachukua karatasi za bandari, akachagua moja ya katikati, akataja tarehe na idadi. Mwanahamisi aliuliza ni safari ya ngapi ya mwaka. Ya tisa, alisema Wilfried baada ya kuhesabu. Mwanahamisi akafumba macho. Hiyo ni ya kwanza baada ya mfungo wa Ramadhani, alisema, chumvi ilikuwa ghali. Yasmina alipakia tatu, Pulchérie mbili, Constance mbili, Ketsia moja, na akaendelea mpaka idadi ikatimia, na kila aliyetajwa aliitikia kutoka ukutani. Wilfried akafungua droo kidogo, akachungulia orodha, akaifunga. Akachagua nyingine. Halafu nyingine. Safari ya ishirini na tatu alisema kumi na tatu zilipakiwa na kumi na mbili zikauzwa, kabla hajaulizwa.

Kwa mara ya kwanza tangu barua ifike Mwanahamisi alijua kwamba kilichokuwa kikisemwa hapa ni kazi yake hasa, na kwamba aliifanya sawasawa. Kila gunia la watu wale lilipita mkononi mwake, na hapakuwa na mmoja katika kumi wale aliyeweza kusimama aseme lake lilipungua. Alijivunia. Na safari hii hapakuwa na kitu cha kuficha ndani ya kujivuna huko.

Wilfried aliacha karatasi. Akachukua kalamu, akasema sasa ataje jumla ya kila mmoja, ili aandike.

Mwanahamisi aliwataja mmoja mmoja, akiwageukia wanapotajwa. Alianza na bibi wa saba, kwa heshima ya umri. Akapanda kumi na nne, kumi na saba, ishirini na mbili, ishirini na nane. Ketsia thelathini na tatu. Divine, Constance, Pulchérie. Alipofika kwa Yasmina alisema themanini na tisa kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa kwenye foleni nje, akaongeza kwamba huyu ndiye mkubwa wetu. Yasmina alitazama kandambili zake, akatabasamu.

"Hiyo ni mia tatu makumi tano na moja," alisema Wilfried. Hakuinua macho. "Na yako, mama?"

Mlangoni Bushira alisogea hatua moja ndani. Mwanahamisi angeweza kuinama na kuisema kwa kalamu ya kijana yule tu, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Makumi sita na moja," alisema, kwa sauti ileile aliyomtajia Yasmina.

Wilfried akaandika. Akavuta mstari juu ya namba ile kubwa ya kwenye barua, akaweka sahihi pembeni, akamrudisha Mwanahamisi kwenye fungu la wachuuzi wadogo. Akawaambia jambo moja kwa ukali: kuanzia sasa kila jina lilipe jeton yake. Wakakubali. Kila mmoja alilipa kiasi chake kidogo kutoka kwenye fundo la nguo yake, kila mmoja akapewa quittance yenye jina lake, na ofisi ile ikageuka kama mahali pa kubatizia watoto, watu wanaonyeshana karatasi na kuulizana hapa imeandikwa nini. Eugène alirudishwa ndani. Aliandika risiti kumi na moja za ujira wake, moja moja, bila haraka, na hakuna aliyemharakisha.

Walitoka juani. Wenzake walitangulia kuelekea sokoni kula mandazi, Yasmina mbele yao. Bushira alimngoja Mwanahamisi kwenye kona ya ukuta, mikono ameikunja.

"Kumbe ni makumi sita na moja tu," alisema.

Mwanahamisi alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono miwili, kwa sababu wino ulikuwa haujakauka.

"Ndiyo, wifi," alisema. "Makumi sita na moja. Na yote ni yangu."